Jinsi ya kuomba viza ya Norway ukitaka kwenda Lofoten, kuanzia mwanzo mpaka mpakani

Zile picha mnazoziona za milima imesimama wima kutoka baharini na vijumba vyekundu vimepangana chini yake, pale ni Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norway, mkoa wa Nordland, juu ya mstari wa Aktiki. Kufika kunawezekana kabisa jamani, ila ukiwa na paspoti ya Tanzania, Kenya au Uganda viza lazima. Norway haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo unachoomba ni viza ya Schengen ya matembezi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180, na wanaosimamia ni idara yao ya uhamiaji inaitwa UDI.

Sasa kabla hujagusa fomu, panga safari. Nasema hivi kwa sababu mimi mara ya kwanza nilinyimwa. Fomu niliandika siku 10, hoteli niliyobuku ilikuwa ya siku 6, bima siku 8, barua ya likizo kutoka kazini inasema wiki tatu. Sikuitwa wala kuulizwa kitu, nikapewa karatasi ina visanduku vimewekewa alama, kimoja kinasema sababu ya safari haijathibitika, kingine kuna mashaka kama nitaondoka muda ukiisha. Niliumia sana. Lakini nilipokaa nikayatandika makaratasi yangu yote mezani nikayasoma kama mtu asiyenijua, nikaona kweli, aamini lipi hapo na lipi aache?

Kwa hiyo anza na mwezi. Lofoten inabadilika sana kwa msimu na huwezi kwenda tu. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai jua halizami kabisa, na ndo wakati vyumba vinajaa mapema mno. Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari jua halichomozi. Januari mpaka Aprili ndo msimu wa samaki wao mkubwa, skrei, anatoka bahari ya Barents anakuja kutaga mayai Vestfjorden, bahari iliyo kati ya Lofoten na bara, na usiku bado una giza la kutosha kuona taa za kaskazini angani. Mimi nilichagua Machi kwa sababu ya samaki. Nimekua na ng'onda, bibi yangu alikuwa akipasua na kutia chumvi na kuanika juani, nikasikia kule wanakausha samaki bila hata punje ya chumvi, upepo na baridi tu, nikataka nione kwa macho. Na hicho ndo nilichokiandika kwenye barua yangu ya maombi mara ya pili, sababu yangu ya kweli. Barua ya kwanza niliikopi mahali, ilikuwa maneno matupu ya kupenda utalii.

Ukishajua mwezi, panga kila usiku unalala wapi. Wangu ulikuwa hivi: Oslo usiku 2, ndege mpaka Bodø, mji wa bara, usiku 1, halafu feri ya Bodø kwenda Moskenes kule Lofoten, masaa matatu na kitu baharini, Reine usiku 3, basi mpaka Svolvær usiku 2, kurudi Oslo usiku 1. Jumla 9. Kuna na ndege ndogo za kutoka Bodø kwenda Leknes au Svolvær kama feri huiwezi. Hizo tarehe ndo zinatakiwa zionekane kwenye fomu, hoteli, bima na barua ya likizo, yaani zifanane kila mahali. Buku vyumba vya kukansel bure, na tiketi ya ndege chukua rizevesheni tu, usilipe mpaka viza itoke. Ukitaka kupitia na nchi nyingine ya Schengen, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana unaomba ile utakayoingia kwanza. Na kama una wazo la kupanda mpaka Svalbard, visiwa vya kaskazini zaidi, angalia vizuri, Svalbard iko nje ya Schengen japo ni ya Norway, ukienda kule ukarudi Oslo umeingia mara mbili, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Makaratasi. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka na kurasa 2 tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na ihesabu nchi zote za Schengen. Pesa, UDI kiwango chao ni kama kroner (pesa ya Norway) 500 kwa siku kwa mtu, ila Lofoten ni ghali na chumba peke yake kinapita hapo, kwa hiyo onyesha zaidi. Na hapa kwenye stetimenti ya benki ndo wengi wanaanguka, mtu anaomba shangazi amuwekee milioni kadhaa wiki moja kabla, ile inaonekana tu. Bora pesa ndogo inayoingia kila mwezi na kutoka kama maisha ya kawaida. Kama una biashara weka leseni na karatasi za kodi, kama umeajiriwa barua ya mwajiri na slipu za mshahara. Una mwenyeji kule, yeye anajaza fomu ya udhamini ya UDI anakutumia. Hati za Kiswahili zitafsiriwe Kiingereza, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto pia, manake hivyo vinaonyesha una watu wa kurudia.

Kuomba kwenyewe ni kwenye tovuti ya UDI. Unafungua akaunti, unajaza, unalipa kwa kadi, euro 90 mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu yake, chini ya 6 bure. Hiyo pesa hairudi hata ukinyimwa. Unachukua apointimenti, unaprinti ile barua ya mwisho inayotoka kwenye mfumo, unasaini unaenda nayo. Pa kupeleka inategemea unapoishi, tovuti yenyewe inakuonyesha ukichagua nchi yako, na vituo vya kupokelea vina ada yao pembeni. Pale utachukuliwa alama za vidole, kama ulishachukuliwa ndani ya miezi 59 kwa viza nyingine ya Schengen kwa kawaida hawarudii.

Muda, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 ila linaweza kufika 45, mie nasema miezi miwili na nusu kabla uwe umeshapeleka. Ukinyimwa una wiki 3 za kukata rufaa tangu upate jibu. Kama kosa lilikuwa makaratasi yako mwenyewe, kuomba upya ukiwa umejipanga ni bora, mimi ndo nilivyofanya na ikatoka.

Viza ikitoka bado unaulizwa mpakani, kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen unaotua, kwa hiyo hoteli, bima na tiketi ya kurudi viwe kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku. Mimi afisa aliniuliza unaenda Lofoten kufanya nini mwezi wa tatu, nikamwambia samaki, akacheka akanirudishia paspoti.

Na kweli niliwaona. Vichanja vya miti virefu kuliko nyumba, samaki wawili wawili wamefungwa kwa mkia wananing'inia bila vichwa, upepo ukipita wanagongana wanatoa sauti kama mbao. Vichwa vyao vinakaushwa pembeni, vingi vinakwenda Nigeria. Nilivua glovu nikamshika mmoja, mkavu, mgumu, mkono ukafa ganzi papo hapo. Chukua glovu jozi mbili.