Kabla hujamlipa fundi akusetie taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche)

Injini ya Corolla yangu KE70 ilipoanza kugonga nikipanda mlima Kitonga, fundi wa kwanza alinidai shilingi 120,000 bila hata kufungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Usikubali. Mwambie atenganishe bei: ufundi mbali, vipuri mbali. Kisha fungua mwenyewe uangalie. Platini zangu, zile ncha mbili za ndani ya distribyuta zinazokata na kuunganisha umeme, zilikuwa zimeungua, upande mmoja kinundu, wa pili kishimo. Nikafunga mpya: pengo milimita 0.45, na plagi 0.8. Ndipo nikaenda kwa fundi mwenye taa ya taimingi. Platini kwanza, taimingi baadaye, maana pengo likibadilika na taimingi inahama. Alimaliza kwa nusu saa, akanitoza 25,000. Simama hapohapo, uione alama ya puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, ikimulikwa na taa hiyo.