Aneurisimu Kubwa ya Ubongo: Namna ya Kupima Matokeo ya Upasuaji Kabla ya Kutia Sahihi

Aneurisimu ni mfuko unaotuna kwenye ukuta dhaifu wa ateri. Kabla ya kuuliza upasuaji hufaulu mara ngapi, tafuta mambo manne kwenye ripoti ya picha: upana wa aneurisimu kwa milimita, upana wa shingo yake (mlango wa mfuko kwenye ateri), ateri ilikotunia, na kama ndani mna damu iliyoganda. Ikivuka milimita 10 hivi huhesabiwa kubwa. Ikifika 25 ni kubwa mno. Shingo inayozidi milimita 4 ni pana, na huwasumbua sana wapasuaji. Angalia pia kipimo kimetoka kwenye picha ipi. Angiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, huonyesha njia ya damu tu, kwa hiyo mfuko uliojaa damu iliyoganda huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ukubwa wenyewe, ule unaokandamiza neva, utauona kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku.

Kisha pima hatari ya kuiacha. Utafiti wa kimataifa wa aneurisimu ambazo hazijapasuka, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria uwezekano wa kupasuka ndani ya miaka 5. Kwenye ateri za mbele za ubongo ulikuwa asilimia 14.5 kwa milimita 13 hadi 24, na asilimia 40 kuanzia 25. Za nyuma zilifikia 18.4 na 50. Zilizo kwenye sinasi ya kavenasi, nyuma ya jicho, zilikuwa 3 na 6.4 tu. Ukubwa uleule, hatari imepishana zaidi ya mara sita! Takwimu isiyotaja mahali haikusaidii kuamua.

Sasa hatari ya kutibu. Katika upasuaji wa wazi, fuvu hufunguliwa na shingo ya aneurisimu kubanwa kwa klipu, kibanio kidogo cha metali. Kwa ndogo, klipu moja mara nyingi hutosha. Kwa kubwa, shingo huwa pana na ngumu kwa chokaa, hivyo klipu huteleza, au hubana pamoja na ateri mama (ile aneurisimu ilikotokea) na kusababisha kiharusi. Mara nyingine mpasuaji hulazimika kuzuia damu kwa muda, kuupasua mfuko na kuondoa damu iliyoganda ndipo klipu ikae. Kila dakika ya kuzuia damu ina gharama kwa ubongo. Hatari inayosahaulika zaidi ni vijishipa vyembamba vinavyochipuka karibu na shingo: kufungwa kwa kimoja tu kunaweza kuleta kupooza. Kwa hiyo uliza kama chumba cha upasuaji kina angiografia ya rangi ya kijani ya indosayanini (rangi inayoonyesha damu ikipita), dopla ndogo (kipimo cha sauti cha mtiririko wa damu), na ufuatiliaji wa mawimbi ya neva za mwendo. Timu isiyo na vyombo hivyo huenda ikaligundua kosa mgonjwa akishaamka.

Klipu ikishindikana, ateri hufungwa kabisa na damu hupitishwa njia mpya, kwa ateri ya ngozi ya kichwa, ateri ya mkono au vena ya mguu. Kabla ya hapo, kwa kawaida ateri huzibwa kwa puto kwa dakika 20 hadi 30 mgonjwa akiwa macho, kuona kama atahimili. Kufaulu jaribio hilo hakuondoi hatari yote ya kiharusi.

Uliza pia kuhusu stenti ya kugeuza mtiririko wa damu, bomba dogo la wavu wa metali linalowekwa ndani ya ateri. Katika jaribio la PUFS, la aneurisimu kubwa za ateri ya karotidi ya ndani, asilimia 73.6 ya aneurisimu zilikuwa zimeziba baada ya siku 180 bila tatizo la ateri mama, na asilimia 5.6 ya wagonjwa walipata kiharusi kikubwa au walikufa kwa tatizo la ubongo. Aneurisimu haizibi siku hiyohiyo. Mfuko unaweza kupasuka ukiwa bado unasubiriwa kuziba. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, zisiachwe bila ruhusa ya daktari, kwani damu inaweza kuganda ndani ya stenti.

Ukipewa “asilimia ya mafanikio”, igawe sehemu mbili: aneurisimu imeziba kiasi gani, na mtu anaishije. La pili hupimwa kwa skeli ya Rankin: 0 hana dalili, 2 anajitegemea, 6 amefariki. Dai idadi ya walio 0 hadi 2 baada ya miezi 6 au 12, si siku ya kuruhusiwa. Hakikisha waliopasukiwa hawakuchanganywa na wasiopasukiwa, na uliza timu hiyo imetibu ngapi za ukubwa wako, mahali pako. Jaribio la ISAT la mwaka 2002, lililolinganisha klipu na koili (nyuzi za metali zinazojazwa ndani ya mfuko), hutajwa mara nyingi, lakini lilihusu zilizopasuka, na zaidi ya tisa katika kila kumi hazikuzidi milimita 10.

Neva ya jicho iliyokandamizwa kwa muda mfupi ina nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko iliyokandamizwa miaka. Picha za ufuatiliaji zisikosekane, hasa kwa koili, maana ndani ya mfuko mkubwa hushindiliana na kuruhusu damu kurudi. Omba kadi yenye aina ya klipu au stenti na uitunze: klipu za zamani zinazovutwa na sumaku ni hatari ndani ya MRI, na fundi wa picha ataiulizia kadi hiyo kwanza.