SOMO: Sukari ikishuka, mwilini kunatokea nini na umfanyie nini mgonjwa wa kisukari

Naandika hili mara moja kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: "Mzee anatetemeka, tumdunge insulini yake?" HAPANA, insulini hushusha sukari zaidi. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

1. Pima. Chini ya 4.0 (mashine ya mmol/L) imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari. Kama huna mashine na dalili zipo, chukulia imeshuka.

2. Elewa unachokiona. Ubongo hula karibu moja ya tano ya nguvu za mwili mzima, hasa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, na akiba yake ni ndogo mno. Sukari ikipungua, kongosho hutoa glukagoni ili ini lifungue ghala lake la sukari, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Kutetemeka, kijasho chembamba, moyo kwenda mbio: hiyo ni adrenalini. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe unakosa chakula. Mtu anakokota maneno, anafoka bila sababu, anapata degedege, anazirai. Akiyumba hivyo stejini hapa Nairobi, wapita njia husema amelewa. Inaniuma sana, maana anahitaji soda tu.

3. Mpe sukari ya haraka, gramu 15: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanakimbilia chapati, chai ya maziwa, chokoleti. Mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na dakika hizo ndizo huna. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Na ONYO: aliyezirai au asiyeweza kumeza USIMTIE CHOCHOTE MDOMONI, hata asali, hata maji. Kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, tafuta gari, hospitali.

4. Subiri dakika 15, pima tena. Bado? Rudia.

5. Ikipanda, ndipo ale: mkate, ndizi, hiyo chapati yenu.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Sijasoma yote. Chapati na chai si inatosha?
— Hatua ya 3.

Msema Kweli: Wewe si daktari. Nyumbani huwa tunampaka asali kwenye ulimi akizirai.
— Sijasema mimi ni daktari. Muulize muuguzi yeyote kama asiyejitambua anameza.

Mama Baraka: Nyanya anameza glibenklamaidi, dawa ya kisukari. Alishuka mchana, akanywa soda, akawa mzima kabisa. Usiku akashuka tena. Kwa nini?
— Ahsante kwa swali hili, mama. Dawa hiyo hulazimisha kongosho litoe insulini kwa saa nyingi, na kwa wazee ambao figo zimechoka hukaa mwilini zaidi. Soda inaisha, dawa bado inafanya kazi. Aliyeshushwa na dawa hiyo apelekwe hospitali akaangaliwe hata akionekana mzima. Beba pakiti ya dawa, na umwombe daktari aangalie kama inamfaa bado.

Dereva wa Rongai: Najidunga insulini. Nikiwa kwa usukani je?
— Pima kabla ya kuwasha gari. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ukihisi dalili, egesha, zima, kunywa sukari. Ikirudi sawa, kaa dakika 45 ndipo uendeshe, kwa sababu ubongo hukawia kurudi kuliko namba ya mashine. Weka glukosi ya unga mfukoni, wala si kwa buti. Kondakta wako naye ajue.

Mama Baraka: Na dawa ya presha anayomeza, propranololi?
— Umeuliza vizuri. Hiyo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho haifichi, kwa hiyo mguse shingo na mgongo.

Kijana wa Umoja: Sawa, nimesoma sasa. Pombe je?
— Pombe huzuia ini kutengeneza glukosi mpya, kwa hiyo ghala likiisha hakuna nyongeza. Mtu anaweza kushuka usiku wa manane, saa nyingi baada ya glasi ya mwisho. Anayejidunga asinywe bila kula, apime kabla ya kulala, na anayelala naye nyumba moja asimwache akikoroma tu. Amwamshe.