Namna ya Kuwafuatilia Wenyewe wa Zamani wa Nyumba ya Mji Mkongwe

Anayetaka kujua nyumba fulani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilikuwa ya nani hushawishika kuanza kwa kuuliza watu. Mimi nashauri aanze kwa kuitazama nyumba yenyewe. Ikiwa vyumba vimezunguka ua wa ndani na kuta za nje ni kavu zisizo na mapambo, huenda aliyeijenga alifuata desturi ya Kiarabu. Ikiwa chini kuna duka linalotazama njia na juu kuna roshani ya mbao, basi pengine mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi.

Mlango wa kuchonga husema mengi, lakini usiuamini upesi, kwani milango imeuzwa na kuhamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tazama kama fremu imekaa sawasawa ukutani au imezibwa pembeni kwa chokaa mpya. Juu ya mlango huenda ukakuta aya ya Kurani, na mara nyingine mwaka wa Hijria. Hapo uwe mwangalifu, kwa sababu katika tarakimu za Kiarabu tano huandikwa kama duara na sifuri ni nukta tu. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma 1315 kama 1310, nikaizeesha nyumba kwa miaka mitano na kuiweka katika zama za Sultani mwingine kabisa, ilhali 1315 ilianza mwaka 1897, Sayyid Hamoud akiwa tayari ametawala.

Jina la nyumba nalo lichunguzwe. Jengo maarufu la Zahanati ya Zamani, lililopo mbele ya bandari, halikuanzishwa na mwuza dawa. Lilianzishwa na tajiri Tharia Topan, aliyekusudia liwe hospitali ya kuadhimisha jubilii ya Malkia Victoria. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, naye akafariki mwaka 1891 kabla ujenzi haujakamilika. Zahanati iliyolipa jina ilikuja baadaye. Kwa hiyo mtenge aliyejenga, aliyemiliki na aliyepanga, maana mara nyingi ni watu watatu.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, na uulize pia katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa kuwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, na wakfu hauuzwi. Hati za zamani huitambulisha nyumba kwa majirani zake: upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa kusini njia. (Kumbuka kwamba kwetu kibla ni kaskazini.) Usipolipata jina unalolitafuta, tafuta hati ya jirani, kwani huenda mtu wako ametajwa humo kama mpaka.

Kazi ngumu ni mazungumzo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na Serikali na kugawiwa familia nyingine; hata nyumba ya kule Shangani ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki mwaka 1905, ilikuja kukaliwa na familia kadhaa. Mkaazi wa leo akiulizwa ghafla habari za mwenye nyumba wa zamani, humdhania mwulizaji kuwa mrithi aliyekuja kudai. Siku moja bibi mmoja alinifungia dirisha kabla sijamaliza salamu, na kosa lilikuwa langu: nilikwenda na daftari mkononi. Tangu hapo huanza barazani. Napiga hodi, natoa shikamoo, najitambulisha kwetu ni wapi, naeleza ninachokitafuta, na swali la kwanza huwa juu ya kisima au ngazi, wala si juu ya mtu.

Kila jina utakalopewa liandike pamoja na tarehe na aliyekupa, ukitenganisha alichokiona mwenyewe na alichohadithiwa. Ukimaliza, warudishie wenye nyumba nakala moja.