Mimea ya Asili ya Kufunika Ardhi Penye Kivuli

Chini ya mwembe uliokomaa nyasi hazistawi, na wengi wetu Kisumu na Kakamega tumezipanda hapo msimu baada ya msimu, tukaishia kufagia vumbi. Nyasi za kikuyu zinataka jua. Kivuli kinataka mimea iliyozoea kuishi chini ya miti, nayo imejaa tayari vichakani na kandokando ya vijito vyetu.

Kabla ya kutafuta mmea, kipime kivuli chenyewe. Simama mahali hapo saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, uone kama jua linapenya majani na kuacha madoa ya mwanga ardhini, au halifiki kabisa. Kisha, baada ya siku nne bila mvua, chimba kina cha kiganja na ufinyange udongo mkononi. Ukishikana, hicho ni kivuli chenye unyevu. Ukimwagika kama unga, na vidole vikagusa mizizi myembamba ya mti, hicho ni kivuli kikavu, ambacho ndicho kigumu zaidi. Nakuru, ambako udongo wa majivu ya volkano hupitisha maji upesi, utakutana nacho mara nyingi.

Penye unyevu, chaguo langu la kwanza ni Centella asiatica. Jani lake lina umbo la figo na ukingo wenye meno madogo, na shina lake hutambaa likitoa mizizi kwenye kila kifundo, kwa hiyo kipande chenye vifundo vitatu kinatosha kuwa mche. Kivuli kikiwa kizito zaidi, panda Oplismenus hirtellus, nyasi fupi ya msituni yenye majani mapana yaliyojikunja kama mawimbi. Ikate kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu hunata kwenye nguo. Palipo na madoa ya jua, Commelina africana hutoa maua ya manjano yanayofunguka asubuhi na kunyauka mchana. Jamii hii ya mimea, ambayo Waluo huiita odielo, ni gugu sumbufu shambani, basi usiipande karibu na mboga.

Kwa kivuli kikavu ninaamini Chlorophytum comosum, mmea wa majani marefu membamba, kwa kuwa mizizi yake minene huhifadhi maji, na vitoto vinavyoning'inia kwenye vikonyo vyake hushika ardhi vyenyewe vikiigusa.

Jihadhari na kitambaazi chenye maua ya manjano kinachouzwa kwenye nasari nyingi za barabarani, Sphagneticola trilobata. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa kinang'aa. Baada ya misimu miwili ya mvua kilikuwa kimevuka ua na kuziba mtaro wa jirani, na kila kipande nilichokiacha ardhini kiliota tena.

Miche usiing'oe Msitu wa Kakamega, kwani ni hifadhi. Waombe majirani wanaopalilia, maana wanaitupa kila wiki. Panda mvua za Machi zikishatulia, kwa nafasi ya sentimita 20, ukitoboa vishimo vidogo kwa kijiti badala ya kulima, ili usikate mizizi ya mti, na usirundike udongo kwenye shina lake. Ng'oa magugu kwa mkono mpaka majani ya miche yagusane.