Mfumo unasoma bado unadaiwa, na mkopo ulishaumaliza: namna ya kulifuata kosa mpaka lifutwe

Hivi karibuni nimemsaidia mwanachama wa SACCOS yetu (chama cha akiba na mikopo) hapa Arusha, mama mmoja ambaye ni msimamizi kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Alikwenda kuomba mkopo wa kumalizia nyumba akajibiwa dirishani: "Mama, mfumo unasoma una mkopo chechefu," yaani mkopo uliocheleweshwa mno kulipwa. Hakuonyeshwa ni mkopo gani, wa lini, wala wa shilingi ngapi. Alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba mkopo pekee aliowahi kuchukua alikatwa kwenye mshahara mpaka ukaisha.

Watu wa namna hii wako wengi. Mtu hajakosa chochote, karani mahali fulani amekosea tarakimu, halafu anayekosa mtaji au ada ya mtoto ni yule asiye na kosa. Wengine wakishakataliwa mara mbili wanaishia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Ndiyo maana naandika utaratibu mzima tulioufuata.

Kwanza elewa taarifa zinavyotembea. Benki hupeleka taarifa za wakopaji wake kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu, ya Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni za taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, yaani Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzichukua huko na kuzitengenezea ripoti. Utaratibu huu umewekwa na kanuni za mwaka 2012. Maana yake ni kwamba benki iliyokunyima mkopo inasoma tu kilichoandikwa na mwenzake, na kampuni iliyotoa ripoti nayo haiwezi kujibadilishia tarakimu yenyewe. Usigombane na hao wawili. Kosa linarekebishwa kule lilikozaliwa.

Hatua ya 1: Pata ripoti yako

Muulize aliyekukatalia ametumia ripoti ya kampuni gani, kisha omba ripoti zako kwa kampuni zote mbili kwa kutumia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Usikubali kusomewa kwa mdomo, wala kuonyeshwa kioo cha kompyuta. Unahitaji karatasi.

Hatua ya 2: Hakikisha ni wewe

Kabla ya kuangalia deni, angalia mtu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zisome moja moja. Kisha soma majina, namba za simu, anuani na mwajiri. Huku kwetu ukiita Mollel au Laizer sokoni Kilombero watageuka watu wengi, na Moshi ni hivyo hivyo kwa Massawe, Mushi na Lyimo. Mikopo ya zamani iliyofunguliwa kwa kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva ndiyo huchanganywa zaidi, maana hakukuwa na namba moja ya kumtofautisha mtu na mwenzake. Kina mama waliobadilisha jina baada ya ndoa nao wakague majina yote mawili.

Ukikuta mkopo usioujua kabisa, ruka hatua ya 3 uende moja kwa moja kwenye barua.

Hatua ya 3: Tafuta mwezi ambao hesabu ziliachana

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Omba taarifa ya akaunti ya mkopo. Narudia, akaunti ya mkopo, siyo akaunti yako ya mshahara. Ukisema tu "naomba taarifa ya benki", watakuchapishia ya mshahara, utakaa nayo jioni nzima ukitafuta kosa ambalo halimo. Mkopo una akaunti yake yenye namba yake, na huko ndiko marejesho, riba na adhabu zinakoandikwa. Omba kuanzia siku mkopo ulipotoka hadi leo, yote, ikiwa na muhuri kila ukurasa. Kama benki ilibadilisha mfumo wa kompyuta au iliungana na nyingine katikati ya mkopo wako, omba taarifa za mfumo wa zamani pia, kisha linganisha salio la mwisho la zamani na salio la kwanza la mpya. Nimeona bakaa, yaani deni lililobaki, likizaliwa kwenye mstari huo mmoja.

Kisha kusanya slipu zako zote za mshahara za kipindi hicho. Kama umezipoteza na mwajiri hazipati, hapo sasa taarifa ya akaunti ya mshahara ina kazi: kiasi kilichoingia kila mwezi kikilinganishwa na mshahara wa kwenye mkataba kinaonyesha kwamba ulikatwa.

Chukua kaunta buku, piga mistari, weka safu nne: mwezi, kilichokatwa, kilichoingia kwenye mkopo, tarehe kilipoingia. Jaza kwa mkono. Vijana ofisini wananiambia nitumie Excel na mimi nakataa, kwa sababu unaponakili kwa kalamu unalazimika kuisoma kila tarakimu, na kwa sababu ukifika mbele ya afisa mikopo unafungua daftari mnaangalia pamoja, kidole kwenye mstari.

Kwa yule mama, mistari yote ilikwenda sawa mpaka Machi. Slipu ya Machi ilionyesha kato la shilingi 84,000. Taarifa ya mkopo, Machi, hakuna kitu. Aprili, slipu 84,000 tena, na kwenye mkopo kuna neno moja tu: adhabu. Juni ndipo fedha za miezi yote miwili zikaonekana kuingia kwa mkupuo.

Kilichotokea ni hiki. Mwajiri hapeleki benki kato la kila mfanyakazi peke yake. Anakusanya makato ya wote, anatuma malipo mamoja pamoja na orodha ya majina na namba za akaunti, na benki inagawa kwa kufuata orodha hiyo. Kwenye orodha za Machi na Aprili namba ya mkopo wake ilikuwa na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Fedha zilifika benki siku ileile, zikakosa mwenyewe, zikakaa kwenye akaunti ya muda mpaka mtu alipozigundua. Zilipohamishwa, hakuna aliyekumbuka kufuta adhabu. Mkopo ulipofika mwisho likabaki bakaa la shilingi 11,400, naye akaambiwa kwa mdomo, "umemaliza, mama." Akaondoka bila barua.

Kundi la mkopo hupangwa kwa siku za kuchelewa, siyo kwa ukubwa wa deni. Likipita siku 90 unahesabiwa mkopo chechefu, hata kama ni nauli ya kwenda Moshi na kurudi. Hizo 11,400 zilikuwa zimekaa zaidi ya mwaka, kwa hiyo mama yule alisomeka kama mtu aliyekimbia na mamilioni.

Mambo ya kuangalia usije ukapotea:

Kama kato limo kwenye slipu lakini halikufika benki kabisa, kosa ni la mwajiri. Mfuate mhasibu akupe barua yenye muhuri inayotaja miezi, kiasi na kumbukumbu ya malipo.

Kama marejesho yako yalifika kila mwezi ila siku chache baada ya tarehe, angalia tarehe ya rejesho kwenye mkataba. Mshahara ukitoka baada ya tarehe hiyo utachelewa kila mwezi bila kujua, na dawa yake ni kuomba tarehe ibadilishwe.

Na usilipe hilo bakaa ili mradi yaishe. Ushauri wa "lipa tu, ni hela ndogo" nausikia kila mara na siukubali hata kidogo. Ukilipa, umekubali kwamba ulidaiwa kweli, na historia itabaki kuonyesha mtu aliyechelewa zaidi ya mwaka ndipo akalipa. Unachotaka ni adhabu ifutwe na siku za kuchelewa zirekebishwe.

Hatua ya 4: Andika barua

Ukurasa mmoja, kwa meneja wa tawi lililotoa mkopo. Taja namba ya akaunti ya mkopo, mstari wenye kosa na ushahidi wake. Yetu ilisema hivi: "Makato ya Machi na Aprili yalipokelewa benki lakini hayakuingizwa kwenye mkopo wangu hadi Juni, kama inavyoonekana katika kiambatisho A na B. Adhabu iliyotokana na ucheleweshaji huo si yangu."

Omba mambo matatu: akaunti isahihishwe, masahihisho yapelekwe kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na upewe barua ya kumaliza mkopo yenye namba ya akaunti hiyo. La pili ndilo husahaulika. Benki inaweza kusafisha akaunti yako huku kanzidata ikiendelea kusoma ya zamani.

Peleka mwenyewe, nakala mbili, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Picha ya WhatsApp kwa afisa mikopo haina uzito. Akihamishwa kesho, imeondoka naye.

Hatua ya 5: Wakikuzungusha

Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na kuna kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda. Tawi lao la Arusha linatufaa sisi na wenzetu wa Moshi. Watakuuliza kwanza kama ulishalalamika benki kwako, na hapo utatoa ile nakala yenye muhuri. Kama mkopeshaji ni SACCOS, anza na bodi ya chama kisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe.

Hatua ya 6: Mikopo ya simu

Mtu anaweza kukopa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua. Piga *106# kwenye kila mtandao uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua, nenda dukani kwao ifutwe.

Hatua ya 7: Chukua ripoti mpya

Omba tena zote mbili. Za yule mama, moja ilisoma sifuri mapema, nyingine ikaendelea kuonyesha 11,400, tukairudisha benki na nakala ya barua yao wenyewe. Usipeleke maombi mapya ya mkopo kabla zote mbili hazijasoma sawa, kwa sababu ombi jipya litasomwa na ripoti ileile chafu. Zikisoma sawa, rudi kwa yule aliyekukatalia na ripoti mpya, barua ya kumaliza mkopo, na ombi la maandishi kwamba jalada lako lifunguliwe upya.