Namna ya Kulitumia Neno "Sinzia" Mahali Pake

Kabla ya kuandika "sinzia", jiulize kwanza kama mtu unayemsimulia ameshalala au bado yuko mlangoni mwa usingizi. Kitenzi hiki kinahusu hali ya mlangoni: kope zinakuwa nzito, kidevu kinashuka polepole hadi kifuani, kisha kichwa kinainuka ghafla na mwenyewe anatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Huyo anasinzia. Aliyelala fofofo hasinzii tena, na kumwambia msomaji kwamba mtu "alisinzia usiku kucha kwa raha" ni kumchanganya.

Wengi hulichanganya neno hili na "kuwa na usingizi". Unaweza kusema "nina usingizi" au "nasikia usingizi" huku macho umeyakodoa, kwa kuwa hapo unaeleza unavyojisikia tu, ilhali kusinzia ni jambo ambalo hata aliyeketi mbali nawe analiona. Zingatia pia mtenda katika sentensi. Anayesinzia ni mtu mwenyewe, lakini katika "usingizi umenishika" usingizi ndio unaotenda, na mtu ametendwa. Ndiyo maana anayeomba radhi kwa kuchelewa husema "nilipitiwa na usingizi". Kauli hiyo, kwa werevu wake, humwondolea nusu ya lawama.

Mtu anapozama na kuzinduka mara kwa mara, rudufu kitenzi: "alisinziasinzia mpaka mkutano ukaisha." Katika ukanushi wa wakati uliopo, usisahau irabu ya pili, kwa kuwa kinachotakiwa ni "hasinzii", kama vile "hasikii" na "haingii", wala si "hasinzi".

Taa nayo husinzia mwanga wake unapofifia na kukaribia kuzimika, na hata biashara iliyodorora husemwa kuwa imesinzia. Matumizi hayo yanakubalika, kwa sharti kwamba kitu hicho hakijafa kabisa.

Ukitaka kusema kwamba hukulala hata kidogo, "sikusinzia" inatosha, ingawa mimi hupendelea "sikupata hata lepe la usingizi", neno ambalo hupendeza zaidi katika ukanushi. Na kwa yule ambaye hata kelele hazimwamshi, achana na "sinzia" na useme amelala usingizi wa pono, samaki anayesifika kwa kulala.